Kivuli na Matunda: Tafakuri juu ya Waandishi Waliokaa MacDowell

Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa kawaida methali hii hutumika kuonya, kwamba anyamazaye sana huenda analo jambo moyoni. Lakini wako watu walioichukua kwa upande wake mwema, wakajenga makao ambamo kimya hutolewa bure kwa watunzi, wachoraji na waandishi, kwa matumaini kwamba mshindo wake utasikika baadaye. Katika makala haya tunakusudia kuyatazama makao mamoja ya namna hiyo, yaitwayo MacDowell, yaliyoko Peterborough katika jimbo la New Hampshire, Marekani, na kuvipima vitabu vitatu vilivyotolewa miaka ya karibuni na watu waliowahi kukaa humo. Swali letu ni hili: je, thamani ya kimya walichopewa tuisome katika tuzo walizopata, au yatupasa kutafuta kipimo kingine?

Kwanza tueleze makao yenyewe. Edward MacDowell alikuwa mtunzi wa muziki, na mkewe Marian alikuwa mpiga piano. Walikuwa na shamba huko Peterborough, na Edward aliona kwamba alitunga vizuri zaidi katika kibanda cha magogo msituni kuliko mjini. Mwaka 1907 wakaanza kulifanya shamba hilo kuwa mahali pa kazi kwa wasanii wengine. Edward alifariki mwaka uliofuata, lakini Marian, aliyeishi hadi 1956, aliendeleza kazi hiyo kwa miongo mingi, akisafiri huku na huko kupiga piano ili kuchangisha fedha. Leo vipo vibanda vya kazi zaidi ya 30. Mgeni hupewa kibanda chake, naye hapangiwi kazi yoyote. Chakula cha mchana huletwa katika kikapu na kuachwa mlangoni ili asikatizwe mawazo. Jioni wote hukutana mezani. Anapoondoka huandika jina lake kwenye ubao unaobaki kibandani, chini ya majina ya waliomtangulia.

Ni desturi ya makao kama haya kutangaza mafanikio ya waliopita mikononi mwao, nayo MacDowell ina mengi ya kutangaza. Hapo ndipo tunapotaka kusimama kidogo. Mwandishi Louise Erdrich alikaa huko mwaka 1980, akiwa kijana asiyejulikana. Riwaya yake *The Night Watchman* ilitoka mwaka 2020, ikapata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2021. Kati ya kikapu cha chakula na tuzo hiyo imepita miaka 41. Nani atathubutu kusema kwamba kitabu hiki ni tunda la kibanda kile? Mti uliompa msafiri kivuli hauna haki ya kudai mazao ya shamba alikokuwa akienda. Lakini msafiri naye hawezi kukana kwamba alipumzika. Hivyo hatuna budi kuvisoma vitabu vyenyewe, tuone ni kazi gani iliyofanywa na watu hawa waliowahi kupewa nafasi ya kusikiliza.

Riwaya ya Erdrich inatokana na maisha ya babu yake, Patrick Gourneau, Mwenyeji wa Asili wa Marekani wa jamii ya Turtle Mountain. Mwaka 1953 Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kukomesha hadhi ya kisheria ya jamii kadhaa za Wenyeji wa Asili, na jamii hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizotajwa. Katika riwaya, mzee Thomas Wazhashk ni mlinzi wa usiku katika kiwanda. Kiwanda kinapolala yeye hukesha chini ya taa akiandika barua kwa wakubwa, barua moja baada ya nyingine, kutetea watu wake wasifutwe. Kwa maoni yetu hapa ndipo penye nguvu ya kitabu. Mwandishi haonyeshi ushujaa wa mkuki. Anaonyesha ushujaa wa kalamu mkononi mwa mtu mwenye usingizi. Kasoro yake ni kwamba sura ni nyingi na fupi, na baadhi ya visa vya pembeni vinaachwa kabla havijakomaa. Hata hivyo msomaji akikifunga kitabu, anamkumbuka yule mzee, na anajua kwamba barua zile hazikuwa bure.

Mwingine aliyekaa MacDowell ni Colson Whitehead, ambaye riwaya yake *The Nickel Boys* ilitoka mwaka 2019 na kupata Pulitzer mwaka 2020. Nayo imetoka katika jambo la kweli. Huko Marianna, Florida, kulikuwa na shule ya kurekebisha wavulana iliyofunguliwa mwaka 1900 na kufungwa mwaka 2011. Watafiti wa Chuo Kikuu cha South Florida walipochimba katika eneo lake walikuta makaburi 55, mengi yao yasiyo na alama. Whitehead anabuni shule inayofanana na hiyo, na kumpeleka huko kijana Mweusi, Elwood, aliyelelewa na bibi yake na kuzoea kusikiliza hotuba za Martin Luther King katika sahani ya santuri. Kosa lake ni kupanda gari lililoibwa pasipo yeye kujua, akiwa njiani kwenda masomoni. Sifa kubwa ya mwandishi ni kiasi. Mapigo hayaelezwi kwa kurefusha. Mara nyingi tunasikia tu sauti kutoka nyumba ya pili, na hilo linatosha kutunyima usingizi. Swali linaloulizwa humo linatuhusu moja kwa moja sisi tunaofundisha na kuhubiri: neno la kumpenda adui lina maana gani kwa mtoto ambaye adui yake ndiye mlezi aliyewekwa na serikali? Mwandishi halijibu swali hilo kwa urahisi, wala hamdhihaki kijana aliyeliamini neno lile.

Kitabu cha tatu kinatuleta karibu na nyumbani. Okwiri Oduor, mzaliwa wa Nairobi, alipata Tuzo ya Caine mwaka 2014 kwa hadithi yake fupi, na mwaka huo huo akawa mgeni wa MacDowell. Riwaya yake ya kwanza, *Things They Lost*, ilitoka mwaka 2022. Ni habari za Ayosa, msichana mdogo anayeishi katika jumba kubwa kuukuu huku mama yake akija na kutoweka bila taarifa. Mji wanamokaa umepata jina kutokana na Mwingereza aliyekuwa mama mkuu wa ukoo wao. Wafu na vivuli hawako mbali katika kitabu hiki. Huzunguka nyumba, na mpaka kati yao na walio hai ni mwembamba. Lugha ya Oduor ina utajiri mwingi, pengine kupita kiasi: taswira hupandana hata msomaji akatamani sentensi moja kavu ya kupumzikia. Lakini upweke wa mtoto anayemngoja mama, akimchukia na kumtamani kwa wakati mmoja, umechorwa kwa ukweli ambao wazazi wengi wataona vigumu kuutazama.

Inafaa kukumbuka hapa kwamba hadi mwaka 2020 makao yale yaliitwa Koloni ya MacDowell, ndipo neno koloni lilipoondolewa kwa sababu ya kumbukumbu za uonevu linazobeba. Sisi wa Afrika hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo. Mwandishi Mkenya alikaribishwa mahali palipokuwa bado na jina hilo, na miaka minane baadaye akatoa riwaya juu ya familia inayoishi chini ya jina la mkoloni.

Tukiviweka vitabu hivi vitatu pamoja, tunaona jambo linalovifunga. Mlinzi aliyesahauliwa, wavulana waliozikwa bila alama, mtoto aliyeachwa peke yake: wote ni watu ambao ulimwengu ulikwisha kuacha kuwahesabu, nao waandishi wamewarudisha kwenye hesabu. Hicho ndicho kipimo tunachokipendekeza. Tuzo hutuambia kwamba waamuzi walipendezwa. Hazituambii ni nani aliyerudishiwa jina lake.

Hata hivyo lipo jambo linalotusumbua. Si kila kimya hutolewa kwa hiari. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alivijua vimya viwili. Mwaka 1975 alimalizia *Petals of Blood* katika nyumba ya waandishi huko Yalta, aliyokaribishwa na chama cha waandishi wa Urusi ya Kisovieti. Miaka michache baadaye, mwaka 1978, aliandika *Caitaani Mũtharabainĩ* katika gereza la Kamiti, juu ya karatasi za chooni. Kitabu cha nyumba nzuri kiliandikwa kwa Kiingereza. Kitabu cha gerezani kiliandikwa kwa Kikuyu, kikasomwa kwa sauti majumbani, baa na ndani ya matatu, kisha kikatujia kwa Kiswahili kama *Shetani Msalabani*. Hatusemi kwamba gereza ni bora; Mungu apishe mbali. Tunasema kwamba faragha peke yake haimrudishi mwandishi kwa watu wake. Lugha ndiyo njia ya kurudia, na mtoto aliye kama Ayosa hatajikuta katika kitabu asichoweza kukisoma.

Kwa hiyo somo tunalolipata si kuwaonea wivu wenye vibanda msituni. Miongoni mwetu wamo walimu na wachungaji wenye miswada ya Kiswahili iliyofungwa kwa kamba, wanaoandika usiku baada ya kusahihisha madaftari, kama mzee Thomas na barua zake. Wengine watakufa kabla ya kufika sura ya mwisho. Na wakati wa likizo vyuo vyetu vina vyumba vitupu, meza tupu, na jiko ambalo bado linawaka kwa ajili ya wachache waliobaki. Je, ni gharama gani kumpa mtu mmoja chumba kwa majuma manne, na kumwachia sahani ya wali na maharage mlangoni? Sharti liwe moja tu: kabla ya kuondoka, awasomee jioni moja, kwa lugha yao, wale waliompikia.