Vya zamani tuviache kwanza?

Mliokuwepo mnaijua dakika ninayoizungumzia. Mliokosa mmekwisha kuiona, maana rekodi ya warsha ile ya mtandaoni ya wakutubi imezunguka wiki nzima kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Ni katikati ya kipindi cha pili. Mwezeshaji anaonyesha skrini yake, Koha, ule mfumo wa kompyuta wa maktaba, imefunguliwa sehemu ya uorodheshaji, na dirisha la kutafuta rekodi kwa Z39.50, yaani kuzichota kwenye katalogi za maktaba nyingine, liko mbele yetu. Dada mmoja, mkutubi wa maktaba ya wilaya, akawasha kipaza sauti na kuuliza swali lililokuwa bora kuliko yote ya siku mbili zile: "Samahani mwalimu, mimi nina Kusadikika ya zamani, ile ya Nelson, jalada limechanika. Haina ISBN. Hiyo naiingizaje?"

Mwezeshaji akasita. Mshiriki mwingine mwenye nakala mpya akajitolea kumsomea ISBN ya kwake. Mwezeshaji akaiandika, akabonyeza, kiduara kikazunguka, akatoka kapa. Akajaribu tena, kapa. Ndipo akalifunga dirisha, akarudi kwenye slaidi zake, na kusema maneno ambayo nimeyasikiliza mara tano nisije nikamsingizia: "Vya zamani tuviache kwanza, tuendelee na hivi vyenye ISBN." Slaidi iliyofuata ilikuwa picha ya rekodi iliyokwisha kuingia, safi, kila fildi imejaa.

Ule ulikuwa uamuzi mbovu. Mwezeshaji mwenyewe si mbovu. Koha anaijua kunizidi, na kuandaa mfumo wa mazoezi kwa washiriki wote hao ni kazi aliyoifanya barabara. Lakini somo zima lilikuwa mkononi mwake akaliachia, kisha akawaambia watu wanaohudumia maktaba za wilaya kwamba rafu zao zisubiri. Ingieni maktaba yoyote ya wilaya mkaitazame rafu ya fasihi ya Kiswahili. Mtakuta nakala zilizoshonwa upya kwa uzi, mihuri ya miaka ya sitini na sabini, mgongo wa kitabu umefunikwa kwa gundi na karatasi ya kaki. Ukiviacha vya zamani, katika maktaba nyingi umebaki na meza na kompyuta.

Tuichukue Kusadikika yenyewe. Wachapishaji Nelson waliitoa 1951. Mwandishi wake, Shaaban Robert, alifariki 1962. ISBN ikawa kiwango cha kimataifa 1970. Basi nakala ya enzi ile haina namba hiyo kwa sababu namba yenyewe haikuwepo, na dada yule hakuwa na kasoro yoyote ya kumfanya aombe samahani. Hilo tu lingesemwa kwa sauti, watu wengi wangeshusha pumzi. Nimeona mara nyingi watu wakibuni tarakimu na kuzijaza kwenye fildi ya 020, ile ya ISBN, kwa kudhani mfumo utagoma. Haugomi. Iache 020 tupu, uhifadhi, uendelee na kazi.

Pili, dirisha lile lina nafasi kadhaa: kichwa cha kitabu, mwandishi, mada, namba ya Dewey. ISBN ni mojawapo tu. Mwezeshaji aliitumia hiyo hiyo kuanzia asubuhi ya kwanza, mfano baada ya mfano, mpaka ikaonekana ndiyo mlango wa pekee wa nyumba. Swali lile lilikuwa nafasi yake ya kuhamisha kishale sentimita mbili na kuandika neno moja, Kusadikika.

Kinachoniuma zaidi ni ile ISBN ya kuazima. Tuseme utafutaji ungefanikiwa. Ingeshuka rekodi ya kitabu cha mchapishaji mwingine, mwaka mwingine, kurasa nyingine, ikabandikwa kwenye nakala ya Nelson, na sote tungepiga makofi. Katalogi ingesema maktaba ile ina kitabu ambacho haina, na ingekikana kile ilicho nacho. Mtafiti anayefuatilia matoleo ya Shaaban Robert angepita mbele ya mlango wa maktaba ile bila kujua kilichomo. Toleo ni toleo na chapa ni chapa. Nimelipigia kelele jambo hili kwa miaka, na slaidi za warsha hii zilitumia maneno hayo mawili kana kwamba ni pacha.

Kisha lile kapa lenyewe. Utafutaji unapogoma mbele ya watu, mkufunzi wa zana amepewa zawadi, kwa sababu ndivyo utakavyogoma Jumatatu ofisini kwa mkutubi akiwa peke yake. Uligoma kwa nini? Pengine namba ilisomwa ya tarakimu kumi huku seva ile ikihifadhi ya kumi na tatu. Tangu 2007 ISBN ni tarakimu kumi na tatu, na kuigeuza ya zamani hakuishii kwenye kutanguliza 978, maana tarakimu ya mwisho hukokotolewa upya. Pengine seva iliyochaguliwa haina chapa ile. Pengine, na hili huwasumbua wengi wanaotumia mtandao wa halmashauri au wa chuo, mlango namba 210 ambao Z39.50 huupitia umefungwa na fundi wa mtandao asiyejua kwamba kuna mkutubi anauhitaji. Hapo dawa ni kumwandikia barua fupi aufungue, au kuongeza seva inayotumia SRU, ambayo mara nyingi hupita njia ya kawaida ya wavuti. Dakika tatu za kuyapima hayo moja baada ya jingine zingefaa kuliko slaidi zote arobaini.

Na rekodi zenyewe zipo. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966, na kazi ya ofisi hiyo ni kukusanya na kuorodhesha machapisho ya ukanda huu wetu. Vitabu vya Kiswahili vingi kuliko tunavyodhani vimeshapatiwa rekodi nzuri, na msimbo wa lugha wa swa umewekwa mahali pake. Jioni ile ile niliandika kichwa cha kitabu peke yake, ISBN nikaiacha wazi. Rekodi zikaja. Hakukuwa na iliyolingana moja kwa moja na ile ya jalada lililochanika, na hapo ndipo kazi ya mkutubi inapoanza: chukua iliyo karibu, geuza ukurasa wa jina, soma nyuma yake, sahihisha mchapishaji, mwaka na idadi ya kurasa.

Haki isemwe, si yote yaliharibika: kipindi cha Zotero, zana ya kupanga marejeo, siku ya kwanza kilikwenda vizuri. Rekodi ya warsha ilitumwa mapema, na Kiswahili kilitumika mwanzo hadi mwisho.

Nina ugomvi wa zamani na vyeti vya ushiriki na siuachi leo. Vilitumwa kabla kipindi cha mwisho hakijaisha, kwa kila aliyeingiza jina lake. Aliyeorodhesha vitabu kumi kwenye mfumo wa mazoezi na aliyeacha simu mezani akaenda kupika, wote wamepata karatasi ile ile. Hotuba za ufunguzi zilikuwa nne. Wapo wakutubi wanaonunua bando kwa fedha yao, na gigabaiti ya kwanza imeliwa na itifaki kabla hawajaona hata skrini moja ya Koha.

Kwenye hili la kumtuza aliyefanya kazi kwa mikono yake, mfano wa kufuata tunao tangu 2006. Helene Blowers, kwenye maktaba ya umma ya Charlotte na Mecklenburg kule North Carolina, Marekani, alitaka wafanyakazi wote wazijue zana mpya za intaneti za wakati ule. Hakuwakusanya mbele ya slaidi. Aliwapa mambo 23 ya kufanya kwa mikono yao ndani ya wiki tisa: fungua blogu yako, weka picha Flickr, panga vitabu vyako LibraryThing, hariri ukurasa wa wiki ya mtandaoni, kisha andika kwenye blogu hiyo kilichokushinda na kilichokufaa. Aliyemaliza yote kwa wakati alipewa kicheza muziki cha MP3. Angekaa tu, asingepata kitu. Mpango wote ukaachwa huru kwa leseni ya Creative Commons, na mamia ya maktaba duniani yakauchukua. Zana nyingi za orodha ile zimekufa. Hata Google Reader, iliyowafundisha wengi wetu kufuatilia majarida kwa RSS, ilifungwa Julai 1, 2013. Lakini waliojifunza kwa kujikwaa walihama siku hiyo hiyo, kwa kuwa walishazoea kufungua kitu kigeni na kukipekua mpaka kieleweke.

Sihitaji hata kwenda Charlotte. Bosi wangu wa kwanza alisomea Makerere, kwenye ile shule ya ukutubi iliyoanzishwa 1963 kwa ajili ya Afrika Mashariki yote. Mzee yule alikuwa haanzi kuandika kadi bila kukigeuza kitabu na kusoma nyuma ya ukurasa wa jina, miwani imeshuka puani, kidole kikifuata mstari kwa mstari. Namba ya Dewey aliiandika kwa penseli, 896.392 kwa fasihi ya Kiswahili, juu kushoto, kwa tarakimu ndogo. Ukimletea kitabu kisichoeleweka, hakujifanya. Alisema mbele yetu vijana, "Hiki sikijui, twende tukakitafute," akainuka kwenda kwenye juzuu za Dewey nasi nyuma yake. Nilijifunza uorodheshaji katika safari zile za kutoka mezani kwake hadi kabatini. Mwezeshaji wetu alikuwa na nafasi ya kutamka maneno yale yale, na nina hakika hakuna ambaye angemdharau.

Mzee yule ananikumbusha jeraha jingine. Katika taasisi moja niliyopita baadaye, kompyuta zilipofika, makabati ya kadi yalitolewa uani na kadi zikachomwa moto, ilhali rekodi zilizoingizwa hazijafika nusu. Hoja iliyotolewa ilikuwa ile ile: vya zamani vitaingizwa baadaye. Hadi naondoka pale, vilikuwapo vitabu rafuni ambavyo mashine haikuvijua na kadi zake zilikuwa majivu. Kwa hiyo nikisikia "tuviache kwanza" kutoka kwa mtu mwenye kipaza sauti, siwezi kulipokea kama neno la kupita.

Koha yenyewe imetokana na maktaba ndogo iliyokataa kuambiwa isubiri. Maktaba za Horowhenua, New Zealand, mwaka 1999 zilikuwa na mfumo uliozeeka ambao usingevuka kuingia 2000. Wakaamua kujengewa mfumo wao, ukaanza kazi Januari 2000, wakaugawa bure kwa yeyote. Koha kwa Kimaori ni zawadi. Ndiyo maana leo tunautumia bila kulipia leseni. Na zile fildi za MARC tunazozikariri zilipangwa miaka ya sitini na Henriette Avram, mtaalamu wa programu ambaye hakuwa mkutubi, kwa kuichambua kadi ya katalogi kipande kwa kipande pamoja na waorodheshaji wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Zana hizi zimejengwa na watu waliosikiliza maswali ya waorodheshaji. Kuzifundisha kwa kuyakwepa maswali hayo ni kuzifundisha kinyume.

Kosa lile lile lilijirudia kipindi cha mwisho, cha akili unde. ChatGPT iliombwa orodha ya marejeo, ikaitoa kwa sekunde chache, washiriki wakashangilia, slaidi ikabadilishwa. Hakuna aliyeombwa kuchukua hata jina moja akalitafute kwenye katalogi. Juni 2023 mahakama ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi zilizobuniwa na zana hiyo hiyo, kesi ambazo hazikuwahi kusikilizwa popote. Mwanafunzi atakayekuja kaunta na marejeo ya namna hiyo atamkuta mkutubi aliyefundishwa kushangilia.

Waandaaji, nimesikia mnapanga awamu ya pili. Ianzeni na swali lililoachwa. Kila mshiriki aje na kitabu kimoja kisicho na ISBN kutoka rafuni kwake, hotuba iwe moja, na cheti kiende kwa aliyeingiza rekodi ikakaguliwa.

Nawe dada wa maktaba ya wilaya, jibu lako hili hapa. Fungua uorodheshaji, chagua kutafuta kwa Z39.50, ISBN iache wazi. Andika Kusadikika kwenye nafasi ya kichwa, weka alama kwenye seva ya Maktaba ya Bunge la Marekani, tafuta. Ukikosa, jaribu mwandishi: kwanza Robert, Shaaban, kisha Shaaban Robert. Ingiza rekodi iliyo karibu na kitabu chako. Kama ina 020 ya toleo jingine, ifute. Sahihisha 260 au 264 kwa kile unachokisoma nyuma ya ukurasa wa jina, na 300 kwa kurasa ulizohesabu mwenyewe. Hifadhi, kisha ongeza nakala yako kwenye 952 na kutaja hapo kwamba jalada limechanika. Usiposhika kitu kabisa, fungua rekodi mpya uijaze kwa mkono; ni robo saa ya kazi, na kitabu chako kitaonekana.

Na jalada lile usilibandike kwa selotepu. Hukauka, hugeuka njano, na huondoka na karatasi.