Wanaotusimamisha

Mfupa hujua kujiunga. Paja likivunjika, damu huganda penye ufa, gegedu laini hushikanisha ncha mbili, kisha mfupa mpya hujijenga hapo kwa wiki na miezi. Daktari hunyoosha na kushikiza. Kuunga ni kazi ya mwili wenyewe. Msuli haujajaliwa hivyo. Mgonjwa akilala tu, paja husinyaa huku akiliona, na goti lisilokunjwa hukakamaa. Ndiyo maana nawasifu wataalamu wa fiziotherapia, ambao hatuwataji tunaposimulia jinsi tulivyopona.

Zamani mwenye paja lililovunjika alilala chali wiki nyingi, mguu ukivutwa kwa uzito ulioning'inizwa mwisho wa kitanda. Mwaka 1939 Mjerumani Gerhard Küntscher alipitisha chuma kirefu ndani ya mfupa. Mwaka 1999 Lewis Zirkle wa Marekani akaanzisha SIGN, shirika ambalo chuma chake hufungwa skrubu bila kutegemea mashine ya eksirei katika chumba cha upasuaji. Chuma hicho kimefika hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ambako majeruhi wa bodaboda hawakosekani. Aliyewekewa chuma anaweza kukalishwa mapema, hata kesho yake. Hapo ndipo mtu wa mazoezi anapoingia.

“Kaza paja, kaka. Gandamiza godoro kwa goti.” Anadai jambo linalouma, naye anajua hivyo. Ustadi wake uko hapa: yapo maumivu ya msuli unaoamshwa na yapo maumivu ya jeraha linalotaka kuachwa, naye huyatenganisha kwa kiganja, kwa kuutazama uso, kwa kusikiliza pumzi. Mimi naona huo ni ujuzi mzito sawa na wa kushika kisu. Mwenye antena mguuni, yaani vyuma vya nje vinavyoushikilia mfupa, humfundisha kuvuta unyayo kwa kipande cha kanga ili kifundo kisikakamae. Anayeruhusiwa kukanyagia nusu tu humkanyagisha mizani ya kupimia uzito, mguu ujifunze kilo zake. Magongo nayo yana elimu: uzito hubebwa na viganja, kwani kwapa likiegemezwa neva hubanwa na mkono hufa ganzi. Kupanda ngazi, mguu mzima hutangulia. Kushuka, hutangulia ulio mgonjwa.

Kinachonigusa zaidi ni swali linaloulizwa kabla ya ruhusa ya kwenda nyumbani: “Mama, choo chenu ni cha kukaa au cha kuchuchumaa?” Kiti huridhika na goti lililokunjwa nyuzi 90. Kuchuchumaa hutaka zaidi, mara nyingi kupita 120, na mkeka wa kuswalia una madai yake. Basi mazoezi hupangwa kwa kufuata nyumba anayorudi mgonjwa. Mwanawe huitwa kando ya kitanda, akaelekezwa achimbie nguzo ya kushikilia karibu na tundu, au amtafutie fundi wa kuchonga kiti cha mbao chenye uwazi katikati, kitumike mpaka goti litakapokubali.