Mizani ya Kupimia Chombo

Msomaji, mtu akikuambia kuwa chombo fulani ni chema na kingine ni kibaya, muulize amepima kwa mizani gani. Maana hukumu isiyo na mizani ni mapenzi au chuki tu. Mwaka 1990 Jakob Nielsen na Rolf Molich, wataalamu wa Denmark, walitoa kanuni chache za kupimia jinsi mashine inavyoelewana na mtumiaji wake. Mwaka 1994 Nielsen alizitengeneza upya, zikawa kumi. Na tutwae tatu tuipimie M-Pesa, iliyoanza nchini Kenya Machi 2007.

Mfikiri mnunuzi wa mahindi mjini Eldoret, anayempelekea mkulima wa Moiben bei ya magunia yake. Kanuni ya kwanza yataka chombo kiseme maneno ya mtumiaji. Hapa M-Pesa yastahili sifa: kutuma pesa na kutoa pesa ni maneno ya sokoni, hayahitaji mkalimani. Ya pili yataka mtu ajulishwe lililotendeka. Hapa pia yastahili sifa, kwani ujumbe wenye kiasi na tarehe huwafikia wote wawili, nao husimama mahali pa stakabadhi.

Ya tatu ni kuzuia kosa kabla halijatokea, na hapa ndipo penye upungufu. Nambari ya simu ina tarakimu kumi, na tarakimu haina sura. Ukibonyeza 6 mahali pa 9, jasho la msimu mzima laweza kwenda kwa mtu usiyemjua. Hapo mwanzo mtumaji alionyeshwa nambari ile ile aliyoiandika. Akaisoma kwa jicho lile lile lililokosea. Mwaka 2015 ikaja Hakikisha, iliyomwonyesha jina la mpokeaji. Jina lina sura, na hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Hata hivyo, aliyeona jina geni alipaswa kubonyeza kitu upesi ili azuie; kunyamaza kulihesabiwa kuwa kukubali. Katika jambo la fedha, ingefaa kimya kiwe kukataa.

Wako wasemao kwamba mtumaji na awe mwangalifu. Ni kweli, lakini ngazi isiyo na kishikio haisifiwi kwa sababu wengine hawakuanguka.

Basi nawe ukipima, usipime peke yako. Nielsen alishauri wapimaji watatu hadi watano, kwa kuwa kila mmoja huona asichokiona mwenziwe. Kisha muite mkulima mwenyewe, umtazame akikitumia.