Mizani ya Picha ya Gari Linaloteleza

Wapo wapiga picha wengi, na baadhi yao ni mahiri wenye sifa njema katika harusi na mahafali, ambao wakionyeshwa picha ya gari la mashindano hutazama kwanza kama gari limetokea safi, na wakiona namba zinasomeka na rangi inang'aa huikubali picha papo hapo. Nami nasema, kwa heshima ya kazi yao, kwamba kipimo hicho chafaa kwa gari lililoegeshwa uani, wala hakifai kwa gari linalocheza drifti. Uhai wa mchezo huu umo katika hitilafu moja, nayo ni kwamba pua ya gari yaelekea upande huu ilhali gari lenyewe lakwenda upande ule. Picha isiyodhihirisha pande hizo mbili kwa pamoja, hata ikawa kali namna gani, haijaonyesha drifti; imeonyesha gari.

Mchezo wenyewe asili yake ni Japani, katika barabara za milimani na viwanja vya mbio, na aliyeutangaza kuliko wote ni dereva Keiichi Tsuchiya; na mashindano ya D1 Grand Prix yalipoanzishwa, majaji hawakuulizwa nani katangulia kufika, bali walipima pembe ya gari, mstari linaoufuata, kasi yake na madoido ya dereva. Kutoka huko ukaenea hata Ghuba, na ndugu zetu wa Maskati wanaujua vyema. Hapa Mpanda, mkoani Katavi, wengi wetu tumeufahamu kwa video za simu kabla ya kuuona kwa macho, walakini magari yenyewe si mageni: Mark II na Chaser, zinazosukumwa kwa magurudumu ya nyuma, ni zile zile zinazobeba abiria na mizigo yao kila siku, na kijana aliyewahi kuliendesha gari la namna hiyo juu ya changarawe baada ya mvua anajua, pengine kwa kutetemeka, nyuma ya gari inavyotaka kutangulia mbele.

Tuitwae picha moja tuikague kwa utulivu. Ni Mark II nyeupe, imepigwa kutoka upande wa ndani wa kona, mbele kidogo ya gari. Jicho lianze kwenye magurudumu ya mbele, kwa kuwa dereva anayeteleza hukata usukani kinyume cha kona, kuelekea kule anakopelekwa, hata magurudumu yale yakawa yanaitazama njia ilhali bodi imeipa njia ubavu. Na pembe iliyo baina ya gurudumu na bodi ndiyo shahidi wa kwanza. Kama magurudumu yamefichwa na kivuli, au yamekatwa na ukingo wa picha, shahidi huyo amenyamazishwa. Kisha tumtazame dereva: aliye stadi haangalii boneti, huangalia kule anakotaka kufika, na mara nyingi huko huonekana kupitia dirisha la mlango, si kioo cha mbele, kwa hiyo uso uliogeuka ubavuni una thamani kubwa kuliko kofia ngumu iliyoelekea kamera. Mwisho tuufuate moshi. Moshi wa tairi za nyuma ni kumbukumbu ya kule gari lilikopita, nao ukibaki wote ndani ya picha, mtazamaji asiyejua lolote juu ya mchezo atajua gari limetoka wapi na laelekea wapi.

Ndiyo maana kosa ninalolichukia kuliko yote ni lile la mwenye lenzi ndefu kulisogeza gari hata likajaa kila pembe ya picha, moshi ukakatwa nusu na barabara ikatoweka. La pili yake ni kuipinda kamera makusudi ili picha ionekane ina vurugu. Upeo wa macho ulionyooka ndio mizani inayotujulisha gari limelala kiasi gani. Aupindaye ameiharibu mizani kabla ya kupima.

Sasa tufike kwenye shata, maana hapo ndipo fani inapotenganisha wajuzi na wabahatishaji. Ukipiga kwa 1/1000 ya sekunde, spoki za magurudumu husimama kama zimegandishwa, na gari lililokuwa likinguruma laonekana limeachwa mshazari barabarani na mwenyewe aliyekwenda kununua sigara. Ukishuka hadi 1/125, au 1/60 kwa mwenye mkono mtulivu, huku kamera ikilifuata gari kwa mwendo ule ule bila kusita hata baada ya kubonyeza, spoki huyeyuka na mandhari ya nyuma hukimbia kwa mistari. Mistari hiyo si pambo. Hufuata mwendo wa gari, haifuati pua yake, na kwa hiyo ndani ya picha moja tunapata mshale wa mwendo uliochorwa na mandhari, na mshale wa pua uliochorwa na bodi, na hitilafu yao ikawa bayana kwa kila mwenye macho.

Lakini mkaguzi awe mwadilifu. Gari la mbio za kawaida hupita likiwa limenyooka, ilhali gari la drifti hupita na wakati huo huo huzunguka, na kwa sababu hiyo sehemu zake hazisogei kwa kasi moja mbele ya lenzi: taa ya mbele yaweza kutokea kali na taa ya nyuma ikawa imefifia, wala hiyo si dosari. Asidai ukali wa bodi nzima. Adai ukali mahali pamoja penye maana, aghalabu taa ya karibu au uso wa dereva, na ukali huo ukiwa kwenye bampa la nyuma peke yake, basi mpigaji alibahatisha.

Iko picha mashuhuri ya Mfaransa Jacques Henri Lartigue, aliyoipiga katika mashindano ya magari mwanzoni mwa karne ya 20, ambamo gurudumu limetokea kama yai lililoinama mbele, na watazamaji na nguzo wameinama nyuma. Sababu yake ni pazia la kamera ile, ambalo lilipita mbele ya filamu polepole kuliko gari, na mkono wa kijana yule uliokuwa ukilifuata gari. Mwenyewe aliiweka kando akidhani imeharibika, hata ilipoonyeshwa New York mwaka 1963 ulimwengu ukaistaajabia. Nataja habari hii kwa kuwa kamera nyingi za leo zisizo na kioo, zikiwekwa kwenye shata ya kielektroniki isiyo na mlio, husoma sensa mstari kwa mstari na kurudisha mpindo ule ule. Kwa Lartigue mpindo uliongeza hisia ya mwendo. Katika drifti huongopa juu ya pembe, ambayo ndiyo hasa tunayoipima, na mwenye kamera ya namna hiyo atumie shata ya kawaida, kelele na iwe kelele.

Kuhusu mwanga, nchi yetu ina tabia zake. Saa za Tanzania zimewekwa kwa longitudo ya 45 mashariki, na Mpanda iko karibu na 31, kwa hiyo jua letu hufika utosini saa saba kasoro au saa saba yenyewe, na huchwa nusu saa hivi nyuma ya jua la Dar es Salaam. Mgeni kutoka pwani anayefungasha kamera yake saa kumi na mbili kwa mazoea huondoka wakati mwanga mwororo bado upo. Wala asijisumbue na lenzi ya milimita 300 saa nane mchana, maana mvuke wa joto juu ya lami hulitikisa gari la mbali hata likaonekana limechorwa majini, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayoponya hilo.

Vumbi ndilo jambo lenye kutaka ihtimamu zaidi. Kuanzia Juni hadi Oktoba barabara za changarawe za Katavi hutoa vumbi jekundu jembamba linaloning'inia hewani muda mrefu baada ya basi kupita, na mpiga picha akisimama jua likiwa mgongoni mwake, vumbi hilo hutokea kama ukuta wa matofali, zito, lisilo na uhai. Ahame upande wa pili, vumbi liwe baina yake na jua la jioni, aone linavyowaka kwa dhahabu na gari likachomoza ndani yake kwa ukingo wa nuru. Waliopiga picha za Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na iliyorudi kwenye mashindano ya dunia huko Naivasha mwaka 2021, wanaijua siri hii kitambo, kwani vumbi laini la Naivasha ni tabu kwa dereva na neema kwa lenzi.

Vumbi hilo hilo lina kisasi chake. Kwa jua la wazi na ISO 100, kanuni ya kale yasema f/16 kwa takriban 1/100 ya sekunde. Ukitaka 1/50 ili mandhari ikimbie, itakubidi uufunge mlango wa lenzi hadi f/22, na hapo balaa mbili huingia pamoja. Mwanga ukipita katika kitundu kidogo mno hutawanyika na picha hupoteza ukali. Na kila chembe iliyotua kwenye sensa, ambayo kwa f/4 isingeonekana kamwe, hujichapa angani kama doa la kijivu. Dawa yake ni kioo cheusi cha kuchuja mwanga, kinachopitisha sehemu moja kwa nane, ambacho hukurudisha f/8 bila kugusa shata. Kwa maoni yangu mwenye fedha chache anunue kioo hiki kabla ya kuota kamera mpya. Na asibadilishe lenzi kando ya barabara; abadilishe ndani ya gari, vioo vimepandishwa, kamera ikitazama chini.

Mahali aliposimama mpiga picha husomeka katika picha yake. Mwaka 1986, katika mbio za Ureno, gari liliwaparamia watazamaji waliosongamana kando ya njia na watu 3 wakafa, na tangu hapo hakuna udhuru kwa mtu anayesimama upande wa nje wa kona. Gari likiponyoka hutokea huko. Picha iliyopigwa kutoka hapo, hata ingekuwa nzuri ajabu, mimi siipi alama, maana kumsifu aliyeipiga ni kumwalika kijana mwingine asimame pale pale.

Mazoezi hayangojei mashindano. Bodaboda zinazokata kona mjini Mpanda zatosha kumfunza mtu kuufuatisha mkono, na aliyepata nafasi ya kuingia Hifadhi ya Katavi wakati wa kiangazi, akiwa ndani ya gari lililosimama, nyati wa uwanda wa Katisunga watamfundisha zaidi ya hapo, kwani kundi linapogeuka ghafla, vichwa hutangulia upande mmoja na miili yazidi kwenda upande mwingine kwa hatua kadhaa.

Kwa anayenunua vifaa vilivyotumika, lenzi ya milimita 70–200, au ile nafuu ya 55–250, yatosha kabisa kwa miaka mingi, mradi kituliza-mtikisiko chake kiweze kuachia mwendo wa kulia na kushoto na kuzuia ule wa juu na chini, kisichoweza, kizimwe. Kabla ya kutoa fedha, azungushe pete ya lenzi karibu na sikio asikilize kama mchanga unasaga ndani, kisha afunge lenzi hadi f/22, apige picha ya anga tupu isiyo na wingu, aikuze kwenye kioo cha kamera, na ayahesabu madoa mbele ya muuzaji.