Sindano Moja kwa Dumu Zima

Hilux ilikuwa imesimama kando ya barabara ya Matombo, pale Mkuyuni, imejaa mikungu ya ndizi mpaka juu ya bodi, na imegoma kuwaka. Asubuhi, alisema dereva, ilishika starti mara moja. Ikazunguka mashambani, ikapata moto, wakaizima ili wapakie mikungu ya mwisho, basi, haikutaka tena. Kijana wa mizigo alikwisha kuilaumu betri. Fundi alipofika, hakuitazama betri. Aliomba kitambaa na maji ya mtoni, akaifunika pampu ya dizeli kwa kitambaa hicho, akawa anamimina maji polepole, maana chuma cha moto hakipendi kushtuliwa. Akakaa kimya dakika kadhaa, mkono wake umeegemea bodi. Kisha akasema, "Haya mwanangu, jaribu." Injini ikawaka.

Dereva alifurahi. Fundi hakufurahi, kwa sababu maji yale hayakuwa tiba, yalikuwa kipimo. Dizeli ikipata moto huwa nyepesi. Pampu iliyolika ndani huivujisha pembeni ya plunja (chuma cha ndani kinachoisukuma), presha haifiki kwenye nozeli, na gari haliwaki. Ukiipoza pampu, dizeli inarudi kuwa nzito kidogo, mvujo unapungua, na presha inapanda tena. Kwa hiyo gari linalowaka likiwa baridi na kugoma likiwa moto, kisha likakubali baada ya pampu kumwagiwa maji, limekwisha kusema ugonjwa wake. Fundi huyu amejifunza kulisikiliza, na nimekaa kwenye benchi lake mara nyingi kiasi cha kuamini kwamba kusikiliza ndiyo nusu ya kazi yake.

Nusu nyingine ni kujua kwa nini pampu inalika. Pampu za mzunguko, kama ile ya Hilux ya zamani, hazina oili yake. Injini ina oili, gia ina oili, difu ina oili. Pampu hii inategemea dizeli ile ile inayokwenda kuungua. Plunja na nyumba yake vimetengenezwa kwa pamoja, na nafasi kati yao ni maikroni chache tu. Unywele wa mtu una maikroni kama sabini. Katika mwanya huo usioonekana, dizeli inapita mara maelfu kwa dakika, na kila ikipita inafanya kazi mbili: inabeba moto wa injini na inazuia chuma kisigusane na chuma.

Kazi hiyo ya pili haikuwa na jina kubwa mpaka ilipopungua. Mwaka 1991 Sweden ilianza kutumia dizeli iliyosafishwa sana, yenye salfa sehemu 10 tu kwa kila milioni, na muda si mrefu pampu zikaanza kufa zikiwa bado changa. Watu wengi, hata mafundi hodari, husema salfa ndiyo iliyokuwa ikilainisha. Sivyo hasa. Kiwanda kinapoitoa salfa kwa joto, presha na hidrojeni, kinaondoa pia viambata vingine vidogo vyenye oksijeni na nitrojeni, na hivyo ndivyo vilivyokuwa vikishika juu ya chuma na kukilinda. Salfa ilikuwa jirani yao tu, ikafukuzwa, nao wakaenda nayo. Hewa ya miji ikanufaika, na hilo ni jema bila shaka yoyote. Pampu ikabaki uchi.

Kwetu Afrika Mashariki, nchi za Jumuiya zilikubaliana kushuka hadi salfa sehemu 50 kwa milioni kuanzia mwaka 2015, kutoka 500 na zaidi. Dizeli ya namna hiyo hupewa dawa ya kulainisha kabla haijafika kituoni, na Ulaya wana kipimo chake: kipira cha chuma cha milimita 6 kinasuguliwa juu ya sahani ya chuma mara 50 kwa sekunde, kwa dakika 75, kikiwa ndani ya dizeli yenye nyuzi joto 60. Kovu linalobaki kwenye kipira halitakiwi kuzidi maikroni 460. Napenda sana kipimo hiki kwa unyofu wake. Wanasugua chuma, kisha wanatazama kimeumia kiasi gani.

Lakini dizeli inayofika kwenye mashine ya kusaga huko juu milimani mara nyingi imetoka kituoni ikaingia pipani, ikatoka pipani ikaingia dumuni, ikapanda mlima kwa pikipiki. Njiani imepata maji, kwa kuwa upande huu wa milima ya Uluguru mvua haiishi hamu. Pengine imepata mafuta ya taa. Wenye umri wanakumbuka miaka ya uchakachuaji, mpaka bajeti ya Tanzania ya mwaka 2011/12 ilipopandisha ushuru wa mafuta ya taa ili tofauti ya bei iliyowavuta wachakachuaji ife. Mafuta ya taa ni mepesi na makavu kwa pampu. Kwa dizeli yenye historia kama hiyo, fundi hutoa chupa ya dawa ya kulainisha.

Hapa ndipo utulivu wake unapopendeza. Haimimini chupa. Anasoma maandishi yake, ingawa ameyasoma mara mia: sehemu moja kwa sehemu elfu. Dumu la lita 20 linataka mililita 20, kwa hiyo anachukua bomba la sindano la mililita 20, lisilo na sindano yenyewe, analivuta hadi mstari wa mwisho, analiinua usawa wa jicho na kuligonga kwa ukucha ili povu lipande. Anatia dawa kwanza kwenye dumu tupu, kisha dizeli juu yake kupitia chujio, ili vichanganyike vyenyewe. Sindano moja kwa dumu zima.

Kiasi hicho kidogo kinatosha kwa sababu dawa haifanyi kazi kwa wingi wake. Kila chembe yake ina kichwa kinachopenda chuma na mkia unaopenda mafuta. Kichwa kinashika, mkia unasimama, na chembe hizo zikijipanga zinafanya zulia jembamba ambalo chuma kinateleza juu yake. Huko Uingereza, William Hardy na Ida Doubleday waliandika juu ya ulainishaji wa utando wa namna hii mwaka 1922, wakati dizeli haijawa habari ya kila kijiji. Chuma kikishajaa, dawa ya ziada haina pa kukaa.

Nilimwuliza kuhusu oili chafu, ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini, ambayo wengine huitia tangini kwa kuamini itafanya kazi ileile ya dawa. Alitikisa kichwa. Ina masizi na vumbi la chuma, na vumbi la chuma kwenye mwanya wa maikroni chache ni msasa. Mafuta mabichi ya mbegu nayo huganda na kuziba nozeli. Hata hivyo mnyonyo, huu unaoota wenyewe kando ya njia zetu, mafuta yake yakigeuzwa kitaalamu kuwa esta, chini ya asilimia moja yanatosha kuilainisha dizeli kavu. Naupita mmea huo kwa heshima siku hizi.

Hilux ile haikupewa dawa. Dereva aliomba, fundi akakataa kumuuzia. Dawa inalinda chuma kilichopo. Haikirudishi kilichokwisha kulika, na wala haiondoi maji. Alimfungulia kikombe cha filta, akamwaga maji yaliyotulia chini, akamwambia aifikishe pampu Morogoro mjini ikafunguliwe na kuwekwa kwenye mashine ya kupimia, na akifika kwenye mlima wa Kiroka asiizime injini.

Wewe mwenye mashine ya kusaga au gari la kubeba ndizi, kabla hujanunua chupa, chukua dizeli yako kwenye chupa nyeupe inayoonyesha ndani, iache itulie usiku kucha, kisha umpelekee fundi aitazame.