Askari Akifa, Amekufa

Wenzangu mnaoandika, mniwie radhi: leo nahakiki mchezo wa kompyuta, si riwaya. Unaitwa UFO: Enemy Unknown, kazi ya Waingereza wawili, Julian Gollop na mdogo wake Nick, iliyotoka mwaka 1994. Unaongoza kikosi kinachopigana na wavamizi kutoka anga za mbali, zamu kwa zamu, kama bao. Ni mgumu, jamani! Hatua moja ya pupa, na askari uliyemlea tangu akiwa kuruta anapigwa risasi gizani. Akifa, amekufa.

Mimi askari wangu mmoja nilimpa jina la rafiki yangu. Alipouawa mlangoni mwa chombo cha adui, nikakimbilia kuurudisha mchezo pale nilipokuwa nimeuhifadhi. Kweli akafufuka, lakini hofu yote ikaniishia. Nikabaki nasukuma vikaragosi tu. Tangu siku hiyo sirudi nyuma.

Kwa maoni yangu, ndiyo maana mchezo huu bado una wapenzi, hata ukatengenezwa upya mwaka 2012: kosa lina bei yake. Je, sisi tunaowafufua mashujaa wetu ukurasa wa mwisho, eti msomaji asinune, tunamnyima nini? Tunamnyima hofu, bwana. Na bila hofu, nani atafunua ukurasa?