Elena wa Kenya, Mateke ya Brazil

Ndugu msomaji, wahakiki wetu wakubwa wakisikia neno gemu hugeuza uso. Kwao uhakiki ni riwaya, tamthiliya na ushairi, basi. Lakini sisi tuliokulia mtaani tunajua kwamba wengi wetu tulikutana na wahusika kwenye kibanda cha gemu kabla hatujakutana nao maktaba. Ulilipa, ukapokea pedi, ukachagua mtu wako. Hata hujabonyeza kitufe, tayari unampenda huyu na unamchukia yule. Sasa nani aliyemtunga huyo unayempenda? Leo naomba tuwahakiki watunzi hao, yaani kampuni zinazotengeneza michezo ya kupigana: Capcom, SNK na Namco. Nitatumia vifaa vilevile tulivyopewa darasani, fani na maudhui. Anayetaka kucheka acheke, ila asome hadi mwisho.

MTU KWA MISTARI MITATU

Mwaka 1991 Capcom, kampuni ya mjini Osaka, Japani, ilitoa Street Fighter II. Mchezaji alichagua mmoja kati ya wapiganaji 8. Fikiria kazi ya mtunzi hapo. Hana kurasa. Hana msimulizi anayejua yote. Raundi moja ina saa inayohesabu kutoka 99 kushuka, na kwa kawaida mtu amelala chini kabla haijafika katikati. Alichonacho mtunzi ni jinsi mtu anavyosimama, nguo aliyovaa, sauti yake, uwanja wa nyumbani kwao na sentensi moja ya majigambo akishinda. Kwa hivyo tu anatakiwa kukupa mtu.

Na aliwapa. Chun-Li anamsaka muuaji wa baba yake. Zangief, mpiga mieleka wa Kisovieti, akimaliza safari yake anashukiwa na helikopta ya kiongozi wa nchi, kisha wanacheza ngoma pamoja. Desemba ya mwaka uleule Muungano wa Kisovieti ukavunjika, ngoma ikabaki ndani ya mashine. Guile, mwanajeshi wa Kimarekani, amekuja kulipiza kisasi cha rafiki yake. Mkono umeshainuliwa kumaliza kazi, mara mke na binti yake wadogowadogo pale kwenye kioo wanatokea na kumsihi aache. Anaacha. Ni sekunde chache tu, lakini yule aliyekuwa ngumi tupu amekuwa mume na baba. Mwalimu wangu wa fasihi angesema mhusika bapa ameonja uduara.

Hili ni somo kwetu tunaojifunza kuandika. Vijana tunapenda kumwamsha mhusika asubuhi, tukamswakisha, tukamnywesha chai, tukampandisha daladala, na ukurasa wa nne ndipo tunakumbuka kusema anataka nini. Capcom haikuwa na nafasi hiyo. Ilibidi mtu ajulikane kwa namna anavyokunja ngumi. Kwa upande wa fani, mimi nawavulia kofia.

KUJIBIZANA

Kampuni hizi pia zilijua kulumbana, jambo ambalo sisi watu wa pwani na bara tunaliona la nyumbani. Kule Mombasa katika karne ya 19 Muyaka bin Haji alitupiana mashairi na washairi wa Lamu. Magazeti yetu yamejaza kurasa za malenga wanaojibizana. Taarabu nayo, si unajua mambo ya mipasho.

Osaka nako kulikuwa na nyumba mbili, Capcom na SNK. Takashi Nishiyama na Hiroshi Matsumoto ndio walioongoza kazi ya Street Fighter ya kwanza, ya mwaka 1987. Ukiangalia orodha ya watengenezaji, hukuti majina yao kamili. Unakuta Piston Takashi na Finish Hiroshi, majina ya utani kama ya wanamasumbwi. Baadaye wote wawili wakahamia SNK, kama mwimbaji anayehama bendi, na huko mwaka 1991 ikatoka Fatal Fury, hadithi ya Terry Bogard na ndugu yake wanaotaka kulipa damu ya baba yao. Mwaka 1992 SNK ikatoa Art of Fighting, yenye kijana anayeitwa Ryo, mwenye vazi la karate la rangi ya chungwa. Kila mtu alimtazama akamkumbuka Ryu wa Capcom.

Capcom haikwenda mahakamani. Mwaka 1995, katika Street Fighter Alpha, ikajibu kwa kumtunga Dan Hibiki. Vazi lake la karate ni la waridi, sura na mkia wa nywele ni wa Robert, rafiki wa Ryo. Majigambo anayo tele, ila moto anaourusha kwa mkono mmoja unazimika hata haujafika popote. Mpasho huo! Wachezaji walicheka hadi wakampenda.

Angalia jambo moja hapo, maana ndilo litakalotufikisha ninakotaka. Kumkejeli mtu vizuri lazima umjue. Watu wa Capcom walijua jinsi wahusika wa jirani wanavyosimama, wanavyofunga nywele, wanavyotupa mkono. Kejeli ile imeandikwa na mtu aliyekaa na kumtazama mwenzake kwa makini. Mwisho wa siku majirani hao walipatana. Nishiyama alianzisha kampuni yake, Dimps, mwaka 2000, na Dimps ikashirikiana na Capcom kutengeneza Street Fighter IV iliyotoka 2008. SNK ilifilisika mwaka 2001 ikainuka tena, na mwaka 2024 Terry Bogard aliingia ndani ya Street Fighter 6 kama mgeni wa heshima.

KENYA YA WAPI?

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1997 Capcom ilitoa Street Fighter III: New Generation. Wa zamani wakaachwa, wakabaki Ryu na Ken tu, na kati ya wageni alikuwemo msichana mrefu mwenye nywele nyeupe, anayedunda taratibu kama anasikia ngoma ambayo wewe huisikii. Jina lake Elena, nchi yake Kenya. Binti wa chifu, anapenda marafiki, ana moyo mwema. Anapigana kwa miguu tu: hata ukibonyeza kitufe cha ngumi, linatoka teke.

Mara ya kwanza nilipomwona nilifurahi kinoma. Mtu wa jirani yetu ndani ya Street Fighter! Nilikuwa kibandani na binamu yangu wa Lamu, aliyekuja likizo Dar. Tulicheza ule mkusanyo wa miaka 30 ya Street Fighter uliotoka 2018. Nikamwambia kwa mbwembwe, "Chagua huyu, mwenzako." Akamtazama Elena. Akatazama mbuga nyuma yake. Akatazama kile kitambaa kidogo alichovaa. Kisha akaniuliza, "Kaka, huyu ni wa Kenya ya wapi?"

Sikuwa na jibu, na si mimi tu. Ulizia Elena ametoka wapi katika Kenya, hupati mji wala mto. Mapigo yake ni Pembe ya Kifaru, Mkia wa Linksi na mengine ya namna hiyo. Linksi, ndugu msomaji, ni paka wa nchi za baridi za kaskazini. Sisi tunaye simbamangu, ambaye masikio yake yana vishungi vilevile na ana mruko wa kumdaka ndege angani. Hakuitwa.

Na mtindo wake wa kupigana ni capoeira, mchezo wa Brazil. Najua utaniambia capoeira iliundwa na Waafrika waliopelekwa Brazil utumwani na watoto wao. Ni kweli, na ni historia ya kutia uchungu na fahari pamoja. Lakini hiyo ndiyo inayonifanya niulize zaidi. Chimbuko la capoeira linahusishwa sana na watu wa Angola na Kongo, na ikakomaa Brazil chini ya mijeledi. Kumpa binti wa chifu wa Kenya bila neno hata moja la safari hiyo ni kusema Afrika ni kijiji kimoja.

Linaloniuma ni kwamba walichokitafuta kilikuwepo. Walitaka pambano ambalo pia ni ngoma. Hukohuko Kenya, Lamu, kuna kirumbizi: watu wawili wanaingia uwanjani na fimbo, ngoma inalia, zumari inalia, watazamaji wamezunguka, na kucheza kwenyewe ndiko kupigana. Binamu yangu ameuona tangu utotoni. Angeulizwa, angesimama akawaonyesha.

Msiseme enzi zile haikuwezekana kuuliza. Mwaka huohuo wa 1997 Namco ilitoa Tekken 3, nayo ina mpiga capoeira, Eddy Gordo. Huyu ni Mbrazili. Namco ilimwita mwalimu wa capoeira, Marcelo Pereira, ikanasa miendo ya mwili wake kwa vifaa na kumvika Eddy. Ndiyo maana Eddy akishuka chini na kuzungusha miguu unaona uzito wa mtu halisi. Sisemi Tekken haina vichekesho vyake, inavyo hadi dubu anayepigana. Nasema katika hili kuna aliyeulizwa.

Kwa haki yake, Elena amechorwa kwa mapenzi makubwa. Michoro ya mwendo wake ni laini ajabu, na wapo wanaoiona kuwa miongoni mwa kazi bora za mkono katika michezo ya kupigana. Watu walikesha kumchora. Kwa hiyo kosa lake si uvivu wa mkono, mkono ulifanya kazi yake yote. Fani imepaa angani, maudhui yamebaki bandarini yakisubiri mtu wa kuyaulizia. Amerudi mwaka 2014 katika Ultra Street Fighter IV, na tena 2025 katika Street Fighter 6. Anapendwa, na mimi mwenyewe bado namchagua. Ila Dan, aliyetungwa kwa utani, alipewa macho ya mtu anayemjua jirani yake. Elena, aliyetungwa kwa heshima, alipewa uvumi.

NA MLINZI WANGU

Makala ningeiishia hapo, tuwalaumu Wajapani, twende zetu. Bahati mbaya binamu yangu hakuishia hapo.

Usiku ule nilimpa asome hadithi yangu fupi niliyokuwa nataka kuileta kwenye jarida hili. Ndani yake mlikuwa na mlinzi wa Kimasai. Shuka jekundu, rungu, sime kiunoni. Anasema sentensi mbili kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika ili msomaji acheke, halafu majambazi wanamuua getini kwa tajiri ili msomaji alie. Jina hana. Mimi nilijiona nimepiga bao.

Binamu akasoma, akanirudishia karatasi. "Na huyu naye ni Mmasai wa wapi?"

Mtaani kwetu kuna mlinzi Mmasai. Nimempita miaka mitatu nikimsalimia "mambo vipi". Wiki ile nilikwenda nikakaa naye kwenye benchi. Kwao ni Simanjiro. Ana daftari la wanaomdai na anaowadai, limepangwa kuliko langu la chuo. Kiswahili chake hakina tatizo lolote, tena alinisahihisha mahali niliposema "masaa" akaniambia ni "saa". Hadithi yangu ilikufa palepale kwenye benchi. Ninaiandika upya, na kusema kweli imekuwa ngumu, maana sasa mlinzi hataki kufa pale ninapotaka.

Kwa hiyo swali langu kwa Capcom ni hilohilo ninaloliweka juu ya meza ya kila mmoja wetu anayeleta kazi hapa. Yule mama wa kijijini mwenye kanga na mtungi ni wa kijiji gani? Yule Mhindi mwenye duka ni wa mtaa upi, na jioni akifunga duka anakwenda wapi? Yule changudoa wako anayelia tangu ukurasa wa kwanza, umewahi kuzungumza naye hata akakutukana? Tukishindwa kujibu, tusitamke neno ubeberu mbele za watu. Capcom ilikuwa mbali kwa maelfu ya kilomita. Mimi nilikuwa mbali kwa benchi moja.

Na wale wenzetu wanaojifunza kompyuta, wenye ndoto ya kutengeneza gemu letu la kupigana, nawaomba kitu kidogo. Kabla hamjachora mtu wa kirumbizi, pandeni basi hadi Lamu. Binamu yangu yupo, na atawauliza maswali.